Riwaya inapofukua kesi iliyozikwa: Mahmood Mattan na kitanzi cha Cardiff

Bwana Msa hashindwi. Mpe maiti, mpe kiko chake, mpe na rafiki yake Najum wa kuuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungependa kuyauliza, na kabla ya kurasa kwisha atakuwa amefumbua kila fumbo na kumnyooshea muuaji kidole. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imekuwa ni mkataba baina ya mwandishi na msomaji. Mwandishi anaahidi kuwa ukweli upo, umefichwa tu, na kwamba mwenye akili ataupata. Faraji Katalambulla aliutia sahihi mkataba huohuo katika Simu ya Kifo mwaka 1965. Nasi tukavisoma vitabu hivyo usiku kwa taa ya chemni, roho juujuu, tukijua kwamba mwishowe tutalala salama.

Ipo lakini aina nyingine ya riwaya ya uhalifu ambayo mkataba huo haiutambui. Ni ile inayojengwa juu ya mauaji yaliyotokea kweli, mahali panapojulikana, kwa watu waliokuwa na majina, wazazi na madeni. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alipoisoma mojawapo alinijia ofisini akiwa amekasirika kidogo. "Sasa Prof, hii ni historia ama ni hadithi? Na mbona hatuambiwi ni nani aliua?" Swali zuri. Nilimjibu kwa kumwambia akasome tena, jibu ambalo maprofesa hulitoa tunapohitaji muda wa kufikiri. Leo nataka kulijibu sawasawa.

Kitabu chenyewe ni The Fortune Men cha Nadifa Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Hargeisa mwaka 1981 na kukulia Uingereza. Kilitoka mwaka 2021 na kikafika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Lakini tusianze na riwaya. Hebu tuanze na maiti.

Mwaka 1952 mji wa Cardiff, nchini Wales, ulikuwa bado na bandari kubwa, na kando ya bandari hiyo kulikuwa na mtaa ulioitwa Tiger Bay. Makaa ya mawe ya Wales ndiyo yaliyoujenga. Meli zilizoyabeba zilihitaji watu wa kuchochea moto chini kwenye mashine, kazi ambayo Mzungu mwenye chaguo hakuitaka, kwa hiyo wakaajiriwa Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibiani. Wengi walioa huko huko. Mmojawapo alikuwa Mahmood Hussein Mattan, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Somalia iliyokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1947 alimwoa Laura Williams, msichana Mzungu wa huko Wales, na wakajaliwa wana watatu wa kiume. Mke alitukanwa barabarani kwa sababu ya mume, mume akatukanwa kwa sababu ya mke. Kufikia mwaka 1952 walikuwa wakiishi nyumba mbalimbali, ila mtaa mmoja, na baba aliwaona watoto wake kila siku.

Jioni ya tarehe 6 Machi mwaka huo, Lily Volpert, mwanamke Myahudi aliyekuwa na duka la nguo katika barabara ya Bute, alikuwa amekwisha kufunga. Jamaa zake walikuwa chumba cha nyuma. Mtu akaja mlangoni, naye Lily akaenda kumhudumia, kama wafanyavyo wenye maduka ambao hawapendi kumfukuza mteja. Dakika chache baadaye alikutwa amelala chini, amekatwa koo, na pauni kama 100 hazipo.

Polisi walifika kwa Mattan usiku uleule. Walipekua chumba chake. Hawakupata fedha, hawakupata wembe wenye damu, hawakupata nguo yenye damu. Baadaye walitaja chembe ndogo sana za damu kwenye viatu vyake, viatu ambavyo yeye alivipata vikiwa mitumba. Alisema alikuwa sinema, kisha akarudi kwake. Katika gwaride la utambulisho mashahidi hawakumtambua. Msichana wa miaka 12 aliyemwona mtu karibu na duka jioni ile aliletwa uso kwa uso na Mattan, akasema siye. Hayo hayakufikishwa kwenye masikio ya waamuzi.

Kilichofikishwa ni ushahidi wa Harold Cover, mtu mwenye asili ya Jamaica. Cover aliapa kwamba alimwona Mattan akitoka mle dukani. Familia ya marehemu ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 200, na baada ya kesi sehemu ya zawadi hiyo ilimfikia Cover. Kitu ambacho upande wa utetezi haukuambiwa ni kwamba maelezo ya kwanza ya Cover kwa polisi yalimhusu Msomali mwingine kabisa, Tahir Gass. Huyo Gass alishtakiwa mwaka 1954 kwa kumuua mtu mwingine, akaonekana hana akili timamu. Naye Cover mwenyewe alihukumiwa mwaka 1969 kwa kujaribu kumuua bintiye. Silaha? Wembe.

Kesi ilisikizwa mjini Swansea mwezi wa Julai na ikachukua siku tatu tu. Hapakuwa na mkalimani. Wakili wa utetezi, yaani mtu aliyelipwa kumwokoa, aliposimama kutoa hotuba yake ya mwisho alimweleza mteja wake mbele ya waamuzi kuwa ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi aliyestaarabika kidogo. Nimekuwa nikifundisha balagha kwa miaka mingi na sijui mfano mwingine wa hotuba ya utetezi iliyomwua mtetewa kwa ufasaha namna ile. Wakili alidhani anamwombea huruma. Kumbe alikuwa anawapa waamuzi wale kumi na wawili picha ambayo tayari walikuwa nayo vichwani, sasa ikiwa imepigwa muhuri na upande wa pili.

Mattan alinyongwa katika gereza la Cardiff tarehe 3 Septemba 1952, siku tatu pungufu ya miezi 6 tangu Lily Volpert kuuawa. Laura hakuwa ameambiwa. Alikwenda gerezani kumtembelea mumewe akakuta tangazo limebandikwa langoni.

Yaliyofuata yalichukua karibu nusu karne. Mwaka 1969, Cover alipofungwa, jamaa waliomba kesi ifunguliwe upya wakakataliwa. Mwaka 1996 waliruhusiwa kuyatoa mabaki ndani ya gereza na kuyazika upya katika makaburi ya Waislamu mjini humo. Tume mpya ya kuchunguza upya hukumu za jinai ilipoanza kazi Uingereza, kesi ya Mattan ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na tume hiyo mbele ya Mahakama ya Rufaa, na tarehe 24 Februari 1998 hukumu ikabatilishwa. Familia ililipwa fidia ya pauni 725,000 mwaka 2001. Polisi wa Kusini mwa Wales waliomba radhi mwaka 2022. Miaka 70. Mke alikuwa amekufa, wana wote watatu walikuwa wamekufa.

Sasa, msomaji, ukiwa mwandishi na umepewa visa hivi, utaandika nini ambacho mahakama ya mwaka 1998 haikukiandika? Hukumu imekwisha kusema kuwa mtu yule hakuwa na hatia. Tunajua mwisho wake kabla ya kufungua kitabu. Taharuki ya nani-aliua haipo, na ya atapona-au-hatapona haipo vilevile. Mwandishi aliyezoea njia ya Bwana Msa atakuwa hana pa kushika.

Nadifa Mohamed alipata pa kushika, napo ni kwenye tabia ya mtu. Mahmood wa riwayani si malaika. Ni mwizi mdogomdogo, mcheza kamari, mwongo wa starehe, mwenye mdomo na majivuno na suti nzuri kuliko uwezo wake. Wenzake Wasomali hawamwamini sana. Hilo ndilo jambo ninalolisifu zaidi katika kitabu hiki. Mwandishi mwoga angemchora mtu mpole, mswalihina, mwenye machozi ya karibu, ili tumhurumie upesi. Lakini huruma ya namna hiyo ina sharti lililofichika ndani yake, kwamba asiye na hatia ni lazima awe mtu mwema. Mattan hakunyongwa kwa kuwa mwema ama mbaya. Alinyongwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na wembe wa swali hilo haukati mpaka tumwone akiiba saa na bado tukatae asiitwe muuaji.

Imani yake pia imeandikwa vizuri. Huyu kijana anaamini sheria ya Kiingereza kuliko Waingereza wenyewe. Amesikia tangu utotoni kuwa hawa watu wana haki, hawahukumu pasipo ushahidi. Kwa hiyo anawajibu polisi kwa dharau, kama mtu ambaye hana cha kuogopa. Wasomaji wa Kenya wa rika langu, tuliokulia kivulini mwa taasisi zilezile zenye majoho na mawigi yaleyale, tunaisoma sehemu hiyo tukitaka kumshika mkono tumwambie anyamaze.

Riwaya inaanza na redio ikitangaza kifo cha mfalme George wa Sita, mwezi wa Februari 1952, ndani ya mkahawa wa maziwa wa Msomali mmoja pale Tiger Bay. Mkenya hawezi kupita hapo bila kusimama. Binti wa mfalme huyo, ambaye habari ile ilimfanya malkia, hakuwa Uingereza. Alikuwa kwetu, Nyeri, baada ya kulala usiku ule kwenye hoteli ya Treetops juu ya mti. Baharia wa Kisomali anaisikia habari akiwa Wales na mrithi wa kiti anaipata akiwa chini ya Mlima Kenya. Dola ile ilikuwa kubwa kiasi hicho, na ndogo kiasi hicho.

Kwa kuwa safu hii ni ya lugha, nisiliache jambo moja. Sura za riwaya hii zimepewa vichwa kwa namba za Kisomali: kow, laba, saddex, na kuendelea. Msomaji wa London anaziona kama pambo. Msomaji wa Garissa au Isiolo anahesabu tu. Lakini ukifika katikati ya kitabu unatambua kuwa hesabu hiyo inahesabu siku za mtu, na inazihesabu kwa lugha yake, wakati kila karatasi nyingine inayomhusu imeandikwa kwa lugha ya wengine. Kisha kesi inapofika, mwandishi anafanya jambo la ujasiri. Anaacha usimulizi. Anatupa maswali na majibu kwa mtindo wa kumbukumbu za mahakama, wakili anauliza, shahidi anajibu, hakuna anayetuambia mtu alijisikiaje. Baada ya kurasa nyingi za kuishi ndani ya kichwa cha Mahmood, tunafungiwa nje ghafla. Tunakuwa kama waamuzi wale, tunamwona Msomali fulani anajibu kwa mkato na anaonekana ana kiburi.

Pana sehemu ambayo kwa maoni yangu riwaya imepwaya. Mwandishi alilihifadhi jina la Mattan lakini akalibadilisha la marehemu: Lily Volpert amekuwa Violet Volacki. Uamuzi huo naweza kuuelewa. Violet amepewa dada, mpwa, maisha ya Wayahudi waliosikia jamaa zao wakiangamizwa Ulaya miaka michache tu kabla. Kurasa hizo ni nzuri mno. Lakini kesi ikishaanza, nyumba ya Volacki inafifia, na mwisho wa kitabu mimi nilikuwa nimebaki na kiu. Mtu aliyeua bado yuko nje. Dada wa marehemu atafanya nini na habari kwamba aliyenyongwa siye? Historia ya kweli ilikuwa na nyumba mbili zilizodhulumiwa, na muuaji halisi wa Lily Volpert hajawahi kutiwa hatiani mpaka leo.

Naam, hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Edgar Allan Poe alijaribu kitu kingine mwaka 1842. Mwaka uliotangulia, msichana muuza sigara wa New York aitwaye Mary Rogers alikutwa amekufa katika mto Hudson. Poe akakichukua kisa hicho, akakihamishia Paris, akampa msichana jina la Kifaransa, Marie Rogêt, kisha akampa mpelelezi wake Dupin kazi ya kukifumbua kwa kusoma magazeti tu. Hadithi ilikuwa ikitoka kwa mafungu, na kabla fungu la mwisho halijachapwa habari mpya zikazuka zilizotishia kuiharibu nadharia yake. Fungu likachelewa. Alipoichapisha tena mwaka 1845 alikuwa ameipaka rangi hapa na pale ili aonekane alijua tangu awali. Ndugu yangu, ukweli haupendi kuharakishwa na tarehe ya mhariri. Margaret Atwood alijifunza kutokana na waliomtangulia. Katika Alias Grace ya mwaka 1996, kuhusu kijakazi Grace Marks aliyehukumiwa Kanada mwaka 1843, alikataa kata kata kutuambia kama Grace aliua au hakuua. Riwaya ya namna hii ina uaminifu kwa wafu ambao Bwana Msa hahitaji kuwa nao, maana wafu wake hawakuwahi kuishi. Penye pengo katika kumbukumbu, mwandishi mwaminifu analizungushia uzio, halifukii.

Mwaka huo wa 1952 haukuisha hivihivi. Wiki chache baada ya Mattan kunyongwa, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Mwanahistoria David Anderson amehesabu Waafrika 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Mattan mmoja ametufanya tusome kurasa mamia, na hapa kwetu walikuwa elfu moja na tisini. Na tusisahau Kapenguria, ambako shahidi Rawson Macharia alitoa ushahidi dhidi ya Kenyatta akiwa ameahidiwa mambo mazuri, ikiwemo masomo Uingereza. Mwaka 1958 alikiri hadharani kuwa alisema uongo, na kilichomfunga kikawa ni kule kukiri. Cover na Macharia hawakujuana, ila Cardiff na Kapenguria zilikuwa na mapishi yaleyale: shahidi mmoja, ahadi moja, na mshtakiwa ambaye korti imekwisha kumjua kabla hajafungua kinywa.

Wapo walioandika. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walitoa The Trial of Dedan Kimathi mwaka 1976, nasi tukaipata kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Wao walikwenda njia iliyo kinyume kabisa na ya Nadifa. Walisema wazi kuwa hawakukusudia kuirudia kesi ya Nyeri ya mwaka 1956 jinsi ilivyokuwa. Walitaka Kimathi ambaye kwake kesi ni jukwaa la taifa zima. Kumbukumbu zenyewe za kesi zilichapishwa kitabuni mwaka 2017, nazo zinamwonyesha mtu aliyejeruhiwa anayebishania bastola. Wanafunzi huniuliza ipi bora. Nadhani inategemea ni nani aliyekufa. Kimathi alikuwa mkubwa tayari, watu waliliimba jina lake; hata bila faili angebaki. Mattan hakuwa mtu mbele ya yeyote isipokuwa Laura na watoto. Mtu wa aina hiyo akinyimwa tarehe, anwani, jozi ya viatu vya mitumba na maneno halisi aliyoyasema kortini, anatoweka mara ya pili.

Nasi tunao watu wa aina hiyo. Lord Erroll alipopigwa risasi garini mwake nje ya Nairobi tarehe 24 Januari 1941 na Sir Jock Delves Broughton akaachiliwa na mahakama, kiliandikwa kitabu, ikatengenezwa filamu, na bado wageni wanakuja Karen kuuliza njia panda ni ipi. Sina ubaya na Lord Erroll. Lakini tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto aliuawa mlangoni pa nyumba yake hapa Nairobi, na aliyepatikana na hatia alikuwa kijana aitwaye Kisilu Mutua. Alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akatoka mwaka 2001 kwa msamaha, baada ya zaidi ya miaka 35 gerezani, akiendelea kushikilia kuwa hakuua. Msamaha si kubatilishwa kwa hukumu. Anayesamehewa bado ni mkosaji mbele ya karatasi.

Katika rafu yangu ya riwaya za Kiswahili, na ni rafu ndefu, sijaiona inayomhusu Kisilu. Kipo kizazi cha waandishi vijana ambao wana uwezo wa kuiandika, na lugha ya kuiandikia ipo: Kiswahili cha Nairobi ya miaka ya sitini, si cha vitabu vya sarufi. Wasiniletee malaika, na wasiniletee muuaji wa kubuni ukurasa wa mwisho. Waanze na jambo ambalo Nadifa analijibu tangu ukurasa wake wa kwanza, pale kwenye mkahawa wa maziwa, ambalo korti haikujali kuliuliza: kabla hajawa jina katika faili, kijana huyu alikuwa anakunywa chai wapi, na nani?